Kiangazi Nilichoitwa Nathanaeli

Tunduma, Alhamisi 26 Juni

Nimeanza kuandika kwa sababu nikiongea nitagombana na mtu. Kesho kutwa nakwenda Ndalambo kuvikwa jina la marehemu kaka yangu. Sikuulizwa. Niliarifiwa tu, kwa simu, nikiwa katikati ya malori.

Kaka Nathanaeli alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari ya kule kijijini. Presha ilimchukua mwezi wa pili. Na sisi ukoo wetu, mtu mzima akifa jina lake haliachwi hivihivi. Mavuno yakishaingia watu wanakutana, wanachagua mtu wa damu, anavalishwa nguo ya marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye yule. Anasalimiwa kwa jina lile, watoto wa marehemu wanakuwa wake, na ugomvi wa marehemu pia ni wake. Mke hapana, hilo mchungaji alishalikataa zamani. Mimi ndiye mdogo wake wa pekee, kwa hiyo hakukuwa na cha kuchagua.

Nina miaka ishirini na moja. Tangu nimalize kidato cha sita nashinda kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa mpakani, nawapangia madereva karatasi zao. Leo dereva mmoja wa Zambia amenishika mkono: "Natotela sana, mulamu!" yaani asante sana, shemeji. Kazi hii naiweza, na ndiyo ninayotaka kuisomea. Naitwa Ezron, sasa eti mimi ni Nathanaeli.

Ndalambo, Jumamosi 28 Juni

Imekwisha. Walinikalisha kwenye mkeka, Baba mkubwa Enoka akanivika koti la kaki la Kaka, refu mikono. Akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Nathanaeli, karibu nyumbani. Chako chote umekikuta." Watu wakapita mmoja mmoja kunisalimia kwa jina la marehemu. Nilivumilia mpaka ilipofika zamu ya Mama. Mama yangu mzazi, Elina, aliyenilea peke yake pale Tunduma. Alilia, akanishika mashavu, akasema, "Nathanaeli mwanangu."

Nilitaka kumwuliza, Ezron je, amekufa lini? Nikanyamaza kwa sababu alikuwa analia kwa furaha.

Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikwenda na mimi mjini, Kaka akabaki kwa Baba mkubwa, akakulia mkononi mwake. Ndiyo maana mtu huyu ninayeambiwa nimekuwa yeye, kwa kweli simjui sana. Alikuwa anakuja Krismasi na mfuko wa karanga, ananiuliza hesabu, anaondoka.

Jumatatu 7 Julai

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, nikiwa bado huku Ndalambo. Divisheni ya pili, na hesabu nimepata B. Nilipiga kelele peke yangu nyuma ya zizi.

Jumanne 8 Julai

Aibu niliyoipata leo, we acha tu.

Shule imefunguliwa. Asubuhi Baba mkubwa akaniambia nivae koti, twende. Nilidhani tunakwenda kusalimia. Tukaingia ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Tulinagwe, mama mmoja Mndali wa kule Mbebe, mpole lakini haburuzwi. Baba mkubwa akaketi, akaweka kofia gotini, akasema: "Mwalimu wako nimemrudisha. Mwoneshe darasa lake."

Mama wa watu alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Mzee wangu, nimefurahi ukoo umempata mtu. Lakini kazi ya serikali hairithiwi."

"Jina amelichukua mbele ya watu wote."

"Jina sawa. Elimu aliyokuwa nayo marehemu hajaichukua."

Mimi natazama sakafu, natamani inimeze. Baba mkubwa hakukasirika, hilo ndilo lililonishangaza. Alifikiri kwa kweli. Kwake ilikuwa jambo la wazi kwamba nafasi ya mtu huenda na jina lake, na sasa alikuwa anatafuta kosa liko wapi.

"Hiyo elimu inachukuliwa wapi?"

"Chuo kikuu, mzee. Shahada ya ualimu, miaka mitatu. Maombi yanafunguliwa wiki ijayo."

"Ataomba," akasema Baba mkubwa. "Mtamtunzia kiti?"

Mwalimu Tulinagwe akacheka kidogo, kisha akaacha. "Walimu wa hesabu hawapatikani, mzee. Kiti kitakuwepo, usiogope." Akanigeukia. "Kidato cha pili hawana mtu wa hesabu tangu msiba. Ukijitolea kabla ya chuo, nitashukuru. Lakini sema mwenyewe, kijana."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini, na mzee ananitazama hivyo?

Jumatatu 14 Julai

Kipindi cha kwanza. Baridi kali, chaki inateleza vidoleni. Wanafunzi wametulia mno, hakuna hata wa kukohoa. Nilifundisha milinganyo, nikauliza nani hajaelewa, kimya. Nani ameelewa? Kimya vilevile. "Shikamoo Mwalimu Nathanaeli," ndilo neno pekee walilosema, wote kwa pamoja.

Nidhamu ipo, hilo Kaka aliliweza. Ila nilipoinua mkono kufuta ubao, wa dawati la mbele waliinama. Sijui walikuwa wanaokota nini.

Jumamosi 19 Julai

Tumekwenda Tunduma kuomba chuo, mimi na Baba mkubwa, kwenye steshenari moja karibu na stendi. Alitaka kuona kwa macho yake.

Kijana wa kompyuta akaingiza namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne. Likatokea jina: EZRON. Baba mkubwa akasogeza miwani. "Hilo ni la zamani. Andika Nathanaeli."

"Haibadiliki, mzee. Linakuja lenyewe."

"Linakuja kutoka wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Basi huo mtandao wenu haujapata habari za msiba," akasema, na hakuwa anatania. Yule kijana aliuma midomo asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nililitazama jina langu pale kwenye kioo, nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Tukajaza shahada ya ualimu, hesabu na jiografia, chuo kimoja cha Mbeya. Baba mkubwa akatoka kumsalimia mtu waliyepotezana zamani. Akiwa nje nikamwambia yule kijana harakaharaka: ongeza na chuo kingine, cha Dar, usimamizi wa forodha na kodi. Akaongeza. Mzee alirudi akakuta kazi imeisha, akanipigapiga bega: "Nathanaeli, umefanya vema."

Jumanne 22 Julai

Upepo. Vumbi mpaka kwenye ugali.

Jumatano 30 Julai

Nimeshinda napukuchua mahindi na Shemeji Fortunata, mjane wa Kaka. Yeye peke yake haniiti Nathanaeli. Hukwepa jina kabisa, "wewe," "sikia," "chukua hili." Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema, "Nilizika mtu mmoja. Sina nguvu za kumuona anatembea." Namheshimu huyu mama kuliko wote.

Jumatatu 4 Agosti

Wameanza kufanya mazoezi vizuri, ila mdomo hawafungui. Yaani nafundisha ukuta. Mwalimu Tulinagwe ananiambia nivumilie.

Alhamisi 14 Agosti

Leo nimejua, au nimeanza kujua.

Kuna mvulana anaitwa Jastin, mkubwa wa mwili. Nilimuuliza swali, hakujibu. Nikarudia, kimya. Nikapandwa na hasira, nikamwendea, nikamwinamia upande wa kushoto nikasema kwa nguvu, "Nakuuliza wewe!" Hakunisikia. Aliniona tu nimemfikia. Akaruka, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, dawati likaanguka.

Darasa zima lilikaa limeinama. Ndipo binti mmoja akasema polepole, "Mwalimu, sikio hilo halisikii."

"Tangu lini?"

Hakuna aliyejibu. Walilitazama koti langu. Nimevaa koti la Kaka siku zote hizi, najiona nadhifu.

Jumapili 17 Agosti

Tulitoka kanisani, tukawa tunapukuchua mahindi uwanjani: mimi, Baba mkubwa, Shemeji. Akaingia Ambwene, baba yake Jastin, pamoja na kijana wake. Ambwene ni mtu wa shughuli zake, hana makuu. Hakuketi.

"Nimekuja kuongea na Nathanaeli," akasema.

Baba mkubwa akanionesha kwa mkono. "Huyo hapo."

Ambwene akanigeukia mimi. "Mwaka jana mwezi wa tisa ulimpiga mwanangu kofi darasani kwa sababu alikosea hesabu. Sikio lilitoka damu. Nilimpeleka hospitali, wakasema ngozi ya ndani imepasuka. Ulisema utakuja kwangu tuongee. Nilikungoja. Hukuja."

Baba mkubwa akasimama, mahindi yakamwagika. "Ambwene! Marehemu hasemwi hivyo. Hasa hapa kwake."

"Simsemi marehemu, mzee. Marehemu nilimzika pamoja nanyi, nikachimba na kaburi, sikufungua mdomo. Nilingoja mvike mtu. Mmemvika, nilikuwepo, ugali wenu nimekula. Mlisema ugomvi wake ni wake. Sasa nasema na aliye hai."

Nilipaswa kusema kitu. Jastin alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, ametazama pembeni, anataka kwenda nyumbani. Mimi kichwani nilikuwa na neno moja tu: si mimi. Si mimi niliyepiga, mimi nilikuwa Tunduma, mimi ni Ezron. Na sikulisema hata hilo. Baba mkubwa akawaambia waondoke, wakaondoka, mimi nimekaa na gunzi mkononi.

Jioni nilimfuata Shemeji jikoni. "Ni kweli?"

Akaendelea kuchochea moto. "Siku ile hakula. Aliniambia mkono umemzidi."

"Kwa nini hakwenda kwao?"

"Kila Jumapili alisema atakwenda. Alivaa, akakaa kitandani, akavua." Akajifuta macho kwa kanga, akasema ni moshi. Halafu akasema, "Nyumbani hakuwahi kuniinulia mkono. Shuleni ndiko alikuwa mtu mwingine. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Nina hasira na Kaka kiasi kwamba koti lake nimelitupa chini. Baadaye nikaliokota, kwa sababu watoto wake wangeliona.

Jumatatu 18 Agosti

Nimekwenda darasani na shati tu. Jastin hakuja.

Jumatano 27 Agosti

Joto limeanza. Watu wanachoma mashamba, jua ni jekundu toka asubuhi. Jastin amerudi. Hatusemezani. Na Baba mkubwa pia hatusemezani.

Alhamisi 4 Septemba

Nimechaguliwa! Vyuo vyote viwili! Ujumbe umeingia nikiwa kisimani. Natakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri waliyonitumia, mwisho tarehe ishirini na moja. Nisipothibitisha, nafasi zote zinapotea.

Mama amepiga simu. Baba mkubwa ameshamwambia habari za Mbeya, na ukoo mzima unajua ni ualimu. Habari za Dar hakuna anayezijua. Nimeshaamua, nathibitisha forodha. Nitakwenda Dar, koti nitaliacha kwenye msumari. Watakasirika, watapoa. Shule sina hamu nayo tena, na jina hili limeniletea mambo yasiyo yangu.

Jumanne 9 Septemba

Likizo fupi. Namba ya siri ninayo kwenye simu. Nimeifungua mara nyingi, nimeifunga. Nini kinanizuia sasa? Nakasirika na nafsi yangu.

Jumamosi 13 Septemba

Nimekwenda kwa Ambwene.

Sababu niseme ukweli: nilitaka kuondoka Ndalambo bila kumkwepa mtu njiani. Nikajiambia, hili likiisha ninathibitisha forodha jioni hiihii. Nilivaa koti. Baba mkubwa aliniona napita, hakuniuliza.

Niliwakuta wote nyumbani. Nilichuchumaa mlangoni, nikapiga makofi taratibu kama wanavyofanya wazee wetu wakiwa na jambo zito. Ambwene akaniambia nikae, sikukaa. Nikamtazama Jastin, nikasogea upande anaosikia.

"Mimi ni Nathanaeli," nikasema. Sijawahi kulisema jina hilo kwa mdomo wangu mpaka leo. "Mwaka jana nilikupiga, nikakuumiza sikio. Nilimwambia baba yako nitakuja, sikuja. Nimekuja leo. Nisamehe."

Nilidhani nitaigiza. Nilipofika kwenye "nisamehe" nikaona kabisa Kaka amekaa kitandani amevaa, anashindwa kusimama. Lilikuwa neno lake. Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kulifikisha, kwa sababu mimi peke yangu nilipewa mdomo wake.

Jastin akainua uso. Kisha akauliza, "Kwa nini ulinipiga?"

Jina la mtu nimepewa, sababu zake sikupewa. Ningeweza kusema alikuwa na presha, alikuwa amechoka, darasa ni kubwa. Yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja lingemrudishia mtoto sikio lake.

"Sina sababu ya kukupa," nikasema. "Hesabu ulikosea, hiyo haikuwa sababu."

"Nilikuwa nimepata," akasema Jastin. "Nilipata kwa njia nyingine. Hukuitazama." Akafuta uso kwa mkono. "Nimekusikia, Mwalimu. Lakini hasira bado ninayo."

"Kaa nayo. Usiiache kwa ajili yangu."

Ambwene alitoka nje akakaa huko kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mama Jastin akaleta viazi vitamu, tukala wote. Wakati naondoka Jastin akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama likizo ikiisha nitawaonesha ile milinganyo tena, kwa sababu hakuna aliyeielewa, waliogopa tu kusema.

Namba ya siri sijaitumia.

Jumatatu 15 Septemba

Shule. Jastin ameuliza swali. Kisha na wengine. Nimetoka saa ya chakula sauti imekauka.

Ijumaa 19 Septemba

Baba mkubwa ameniita kwake. Nilijua amesikia nilikokwenda, nilijiandaa kufokewa. Nilikuwa na majibu yangu tayari, makali.

Alinikalisha kwenye kigoda. Akaniambia, "Uliomba radhi kwa Ambwene."

"Ndiyo, Baba mkubwa."

"Ulisema ni Nathanaeli aliyepiga."

"Ndiyo."

Alikuwa anasugua magoti. Mzee huyu sijawahi kumwona anatafuta maneno. "Yule mtoto mliyeniachia alikuwa hajui kupiga hata mbuzi," akasema. "Alikuwa mwoga wa kelele. Nikasema namkomaza. Hesabu nilikuwa namfundisha mimi, hapo ulipokaa, jioni. Akikosa, nampiga kofi. Akipata kwa njia nisiyoijua, nampiga pia, nasema ameibia." Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, akautazama. "Ule mkono aliompiga nao mtoto wa watu alipewa na mimi. Sasa nimechukua jina lake nimekuvika wewe, na mkono humohumo ndani."

Yale majibu yangu makali yote yalipotea. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimekasirika naye, vyote pamoja.

Akasimama, akanivua koti, bega moja baada ya lingine, polepole. "Ezron," akasema. "Ukoo nitaongea nao mimi. Nenda kasome forodha. Usinitazame hivyo, yule kijana wa steshenari aliniambia siku ileile." Akakunja koti. "Nilinyamaza nikidhani utakuja kuniambia mwenyewe."

Jumapili 21 Septemba

Siku ya mwisho ya kuthibitisha. Nimekaa na simu tangu tutoke kanisani. Hakuna anayenishika tena. Nikienda Dar hakuna wa kunilaumu, hata Mama ameshaambiwa. Hiki ndicho nilichokitaka tangu mwezi wa sita, na sasa ninacho.

Nimethibitisha ualimu.

Naandika sababu kabla sijaanza kuipamba. Jastin alisema alikuwa amepata kwa njia nyingine, na hakuna aliyeitazama. Nataka kuwa mtu anayeitazama. Na nataka siku moja niinue mkono nifute ubao, asiiname mtu. Forodha ningeiweza, najua, na labda ningekuwa na raha zaidi.

Nimekwenda kumwambia Baba mkubwa. Akashtuka. "Mimi nilikufungua!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeweza kuchagua."

Alinikazia macho. Nikadhani atanibariki, atasema jambo la kiukoo. Akanishika kiganja badala yake, akashusha sauti ili wa jikoni wasisikie.

"Nikifa mimi," akasema, "watataka kumvika mtu jina langu. Watasema Enoka hawezi kuachwa. Wewe utakuwa umesoma, watakusikiliza. Wakatalie. Jina langu nizikwe nalo."

Nilimwambia, "Nitawakatalia, Baba mkubwa." Ndipo akalia.